Mwongozo kamili: namna ya kuandika hadithi ya Alzheimer itakayompa nguvu anaeuguza mzee nyumbani

Nauandika huu kwa sababu hadithi ninazoletewa nizisome zinaanguka pale pale. Bibi anasahau, bibi anasahau zaidi, binti analia, bibi anafariki, halafu paragrafu ya mwisho inatwambia tuwapende wazee wetu. Sasa mtu alieamka na mama yake tangu alfajiri, kamuogesha, kafua mashuka, katukanwa, saa nne ya usiku ndio kwanza kapata kushika simu, anaisoma hadithi yako na inamwambia awapende wazee. Yeye! Huyo ndie msomaji wako, na ukimpoteza huyo, yote yanayofuata humu hayatokufaa kitu.

Tunachotaka ni hadithi fupi, maneno kama 1,000 mpaka 1,500, ya kusomwa kwenye simu. Mlezi akimaliza aseme "kumbe si mie peke yangu" na awe kapata kitu kimoja cha kujaribu kesho. Machozi hatuyatafuti, anayo ya kutosha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mlezi mmoja aliekubali kuzungumza na wewe, ndugu, jirani, yeyote anaeuguza kweli.
- Daftari. Simu inafaa lakini ukiitoa mbele ya mtu anadhani unamrikodi.
- Nyumba moja unayoijua mpaka uwani: choo kiko wapi, mlango unafungwaje, jua linaingia upande gani.
- Maelezo sahihi ya ugonjwa, angalau haya nitakayoyaweka hatua ya 2.
- Mtu wa pili, nae mlezi, wa kukusomea mwisho. Asiwe yule wa kwanza, nitaeleza kwa nini.

Kalamu ya dhahabu haihitajiki, wala digrii ya Kiswahili.

## Hatua ya 1: Kaa na mlezi, na usimhoji

Nenda na kitu mkononi, hata boflo na sukari, maana nyumba yenye mgonjwa huendi mikono mitupu. Na ukishakaa usianze na "hebu nielezee changamoto unazopitia", hujatumwa na mradi. Uliza vidogo vidogo. Saa gani ndio ngumu kuliko zote? Juzi kasema nini mkacheka? Kasema nini mpaka ukatoka ukenda kusimama uwani? Wewe mwenyewe chakula unakula saa ngapi? Funguo ya mlango unaiweka wapi?

Hilo la funguo ulizeni, nnakwambieni. Mtu ataona haya kidogo, halafu atakuonesha kaifunga kwenye pindo la kanga na hapati usingizi mpaka aiguse kwanza. Kitu kama hicho hukitungi ukiwa umekaa peke yako, na mlezi mwengine akikisoma anajua hapo hapo kwamba alieandika kafika nyumba hizi.

Onyo. Huku kwetu visiwani Zanzibar tunajuana. Ukiandika "mwalimu mstaafu wa Chake anaechechemea, mwenye watoto saba" basi ushamtaja jina. Badilisha kazi, mtaa, hata kisiwa, badilisha idadi ya watoto, na umuombe ruhusa mlezi kwa kila jambo la ndani. Mgonjwa hawezi kukupa ruhusa mwenyewe, kwa hivo stara yake iko mikononi mwako, mambo ya chooni yaseme kwa mbali ama yaache.

Utajua umefanikiwa ukitoka na vitu vitatu: saa moja ngumu ya siku, kitu kimoja cha kushikika, na sentensi moja iliyotoka kweli kwenye mdomo wa mtu.

## Hatua ya 2: Ujue ugonjwa, usiubuni

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa sababu wanadhani kusahau ni kusahau tu.

Alzheimer si uzee wa kawaida, ni maradhi ya ubongo. Kuna protini zinazojikusanya ndani na nje ya seli za ubongo, seli zinakufa pole pole kwa miaka, na sehemu inayoumia mwanzo kabisa ni ile inayopokea kumbukumbu mpya. Ndio maana mzee hajui kama mchana kala, lakini atakuhadithia Januari 1964, siku za Mapinduzi, nani alikimbilia nyumba ya nani. Yale ya zamani yaliwekwa kabla ya kuharibika. Dimensia ni jina la hali yote ya akili kudhoofika namna hii, na Alzheimer ni chanzo chake kikubwa: Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, na Alzheimer inachangia asilimia 60 mpaka 70 ya kesi. Mweleze mhusika wako haya kwa mdomo wa daktari kwa sentensi mbili, usimpe ukurasa.

Sasa yanayokuhusu wewe mwandishi.

Usahaulifu una mpangilio. Mwanzo ni swali lile lile mara tano, vitu kuwekwa pasipo mahala pake halafu watu kusingiziwa wizi, kupotea kwenye njia ya kila siku. Baadae kuvaa kunamshinda, anawachanganya watoto wake, anatoka nje usiku, jioni jua likianza kushuka anahangaika. Mwisho kabisa kutembea na kumeza. Hii ni miaka, si miezi. Nimesoma hadithi ambayo bibi kasahau jina lake mwenyewe aya ya kwanza, aya ya tatu kapika pilau ya watu ishirini, na haikuungua!

Mikono na nyimbo huchelewa kuondoka. Mtu haijui siku lakini anasuka ukili, anaitikia qasida, Alhamdu anaisoma mpaka mwisho. Hii ni zawadi kwa mwandishi, utaiona hatua ya 6.

Mabadiliko ya ghafla, ya siku moja mbili, mara nyingi si Alzheimer inayokimbia, ni kitu chengine kimeingia juu yake: maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, dawa mpya. Hiyo ni hospitali, haraka. Kwa hivo kama hadithi yako inategemea mzee alale mzima aamke hamjui mtu, umeandika ugonjwa mwengine. Na kuna usahaulifu unaotokana na upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, sonona, na mwengine unatibika, basi mhusika wako apelekwe kuchunguzwa mapema, asikae ndani miaka mitatu akiambiwa "uzee huo".

Dawa ya kuiondosha Alzheimer haipo. Zipo zinazopunguza makali kwa muda. Usilete mti wa shamba ukamponesha mtu ukurasa wa mwisho.

Na sihiri? Najua hilo linakuja. Watu wanasema kachezewa, kapandisha, kuna mkono wa mtu. Ndani ya hadithi jirani aseme, maana husemwa na ukilificha msomaji atakuona hujakaa mtaani. Lakini mkasa wenyewe usimpe jirani haki. Fikiria mkamwana anaemuuguza mama mkwe huku mawifi wananong'ona kwamba yeye ndie aliemroga, halafu anafungua hadithi na hadithi nayo inasema karogwa. Ushamfungia mlango. Dua na Qur'ani ziache ndani, zinatuliza nyumba na ndivo tunavoishi, ila usizifanye ndio ufunguo wa kupona mwishoni, kwa sababu kuna mtu kaomba miaka sita na mama yake hajapona, nae ataanza kujiuliza kakosea wapi.

## Hatua ya 3: Chagua saa moja tu

Usiandike maisha ya bibi tangu kuzaliwa. Chukua saa moja, ile ngumu uliyoipata hatua ya 1, na hadithi yote ikae humo. Magharibi ni nzuri, hangaiko linapanda na nyumba ina kazi nyingi, futari ya Ramadhani hata zaidi. Alfajiri ya mzee anaetia udhu mara ya nne kwa sababu hakumbuki kama kasali. Siku ya pensheni.

Sababu ni kwamba mlezi haishi miaka kumi kwa pamoja, anaishi saa hii mpaka ile, na ukimuonesha mtu kavuka saa moja anaweza kuamini. Ukimuonesha miaka kumi anafunga simu.

## Hatua ya 4: Mgonjwa atake kitu

Mgonjwa kwenye hadithi nyingi ni gunia, anabebwa huku na kule, kazi yake kusahau. Mpe haja. Anataka kwenda, anataka chake, anataka kulipa deni la mwaka 1971.

Mfano wa pensheni ni mzuri kwa sababu wote tunaujua. Pensheni Jamii ya Zanzibar ilianza 2016 kwa waliofika miaka 70, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Bibi kapokea zake, kazikunja vizuri, kazitia kwenye mkebe wa majani ya chai, na baada ya sala ya adhuhuri anamwambia mkamwana mbele ya wageni: "Hela zangu umezila." Hapo pana mkasa mzima. Bibi hana ubaya, kutoka pale alipo yeye kaibiwa kweli, hela alikuwa nazo na sasa hazipo. Na mkamwana nae hana kosa. Watu wawili wenye haki wote wawili, chumba kimoja, wageni wanatazama miguu yao. Ukiweza kuandika hivo bila kumfanya yeyote shetani basi ushavuka nusu ya safari.

## Hatua ya 5: Mruhusu mlezi akasirike

Usiandike malaika. Mlezi wa kweli amewahi kupiga kelele, amewahi kumshika mzee mkono kwa nguvu kidogo kisha akaingia chooni kulia, amewahi kuwaza "bora angepumzika" halafu akaomba msamaha kwa Mungu. Akisoma hadithi ya binti mwenye subira isokwisha, anatoka anajiona mbaya zaidi ya alivoingia. Hiyo ni hadithi iliyomdhuru, hata kama imeandikwa vizuri.

Kwa hivo mahali pamoja, pamoja tu, mlezi ateleze. Kisha mpe njia ya kurudi: atoke uwani, anawe uso, arudi aanze upya. Uzuri mmoja mchungu wa maradhi haya ni kwamba mzee mara nyingi keshayasahau maneno, ingawa hisia yake hukaa, kwa hivo mlezi akirudi na sauti nyengine jambo linaweza kuanza upya kweli. Mlezi anahitaji kuliona hilo likitokea kwa mtu mwengine.

*Jambo la pembeni lakini kubwa:* andikeni wanaume wanaouguza. Kijana wa kiume kabaki na mama yake, anapika, anampeleka hospitali, lakini kumuogesha hawezi, stara, na dada yake anatoka Bububu na daladala haijafika na mama kashajilowesha. Saa hiyo peke yake ni hadithi, na sijaona mtu kaiandika.

Onyo. Kuteleza ni tofauti na kutesa. Ukimuonesha mlezi anapiga au anamfungia mzee siku nzima na hadithi inapita kimya kama jambo la kawaida, umefundisha vibaya.

## Hatua ya 6: Andika mazungumzo, hapa ndipo penye dawa

Hii ndio hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Kile kitu kimoja cha kujaribu kesho anakipata hapa, ndani ya maneno ya wahusika, bila ya wewe kumfundisha.

Tazama kwanza inavoandikwa mara nyingi. Bi Time, mgonjwa, anataka kwenda kwao Wete, Pemba, kwa mama yake, na binti yake Zuwena anamjibu:

"Mama, nishakwambia mara kumi, bibi keshakufa zamani, na hapa ndio kwako!" Bi Time akaangua kilio.

Zuwena kasema kweli. Lakini kwa Bi Time ndio mara ya kwanza kusikia, kila akiambiwa ni msiba mpya, na kesho ataambiwa tena. Sasa jaribu hivi:

*Jua lilianza kushuka nyuma ya majumba ya Michenzani, Bi Time akajifunga kanga.*

*"Nifungulie, nende zangu Wete."*

*"Saa hizi, mama?"*

*"Mvua ile inakuja. Karafuu zi juani, na mama yangu yuko peke yake."*

*Zuwena akachungulia dirishani. Wingu hata moja. Funguo ilikuwa kwenye pindo la kanga yake, inamgonga kiunoni kila akigeuka. Jana alimwambia ukweli, na jana walilia wote wawili mpaka isha.*

*"Zi nyingi?"*

*"Nini?"*

*"Karafuu. Mwaka huu zi nyingi?"*

*Bi Time akageuka mzima mzima. "Majamvi matatu!"*

*"Basi mie peke yangu sitoweza kuanua. Kaa kwanza unioneshe."*

*Akaleta ungo na mchele wa usiku. Bi Time akautazama, kisha akamtazama mwanawe kwa huruma kubwa.*

*"Huu mchele, mwanangu," akasema. Akakaa kitako, akaanza kuchambua.*

Angalia kilichotokea. Zuwena hakubishana na wala hakusema uongo mkubwa wa kwamba gari la kwenda bandarini linakuja, kauliza tu juu ya kile kile mama anachokiwaza, karafuu. Kisha akaipa mikono kazi inayoijua, maana mtu aliechambua karafuu na makonyo yake tangu utoto vidole havijasahau. Na Bi Time hakudanganywa kama mtoto, kaona kuwa ni mchele, kasema, tena yeye ndie aliemuonea mwanawe huruma. Hapo mlezi atacheka, kwa sababu anajua wagonjwa wana siku zao za kuona sawasawa. Mlango bado umefungwa na kesho jioni kanga itafungwa tena. Hakuna kilichoponywa, ila magharibi moja imepita bila kilio.

Vitu vya kuangalia unapoandika yako: sentensi za mgonjwa ziwe fupi na ziwe na mantiki yake. Zisiwe upuuzi wa kuchekesha watu. Mtoto amwite mama au baba, mkamwana nae aseme mama ama bi mkubwa kama desturi ya nyumba ile, maana nimeona hadithi binti wa Mkunazini anamwita mama yake "mpendwa". Nani kamfundisha? Na swali linalorudiwa lirudiwe kweli, mara tatu ndani ya hadithi, kwa maneno yale yale bila kubadilisha hata herufi, jibu ndio libadilike. Msomaji ausikie uchovu badala ya kuambiwa.

Utajua umefanikiwa ukifuta sentensi zako zote za maelezo na mazungumzo bado yanaeleweka.

## Hatua ya 7: Msaada uingie mlangoni kwa miguu yake

Mlezi anaechoka peke yake mpaka mwisho wa hadithi hatii moyo. Lazima mtu aje. Lakini aje kwa sababu kaitwa, kwa jambo maalumu.

Kila familia ina kaka yuko Muscat ama Dar, anatuma hela, na kwenye grupu anaandika "Allah amponye mama yetu" na mikono ya dua mitatu. Usimfanye mwovu, ni rahisi mno. Hajui. Muache Zuwena amuandikie: "Kaka hela zimefika, ahsante. Sasa nataka kitu chengine. Kila Ijumaa baada ya sala mpaka alasiri nataka mtu akae na mama nilale. Mtafute wewe, uongee nae wewe, nijulishe jina." Hiyo meseji iweke nzima kwenye hadithi, usiifupishe, kuna watu wataikopi kama ilivo na kuituma kwenye magrupu yao.

## Hatua ya 8: Malizia mapema

Usimuue mgonjwa. Usimponye. Usimrudishie akili dakika ya mwisho akamwita binti yake jina na kumuombea radhi, hata kama hutokea wakati mwengine kwamba siku moja anakuwa mwepesi wa akili, kwa sababu mlezi ataanza kuisubiri siku hiyo na isipokuja itamvunja.

Malizia pale jambo la saa ile lilipokwisha. Mchele umechambuliwa, wali unatiwa jikoni, basi. Kama umeandika aya baada ya hapo inayoanza na "hakika" au "ndugu msomaji", ifute.

## Hatua ya 9: Jaribu kabla hujaituma popote

Soma kwa sauti kwanza, ukikwama ulimi mahali, sentensi hiyo ina kasoro. Walezi wengi hawana mikono mitupu ya kushika simu, kwa hivo rikodi pia sauti, dakika kumi zinatosha, waisikilize huku wanafua.

Halafu mpelekee yule mlezi wa pili. Wa kwanza atatafuta mambo yake ndani na atakusamehe makosa, wa pili hana sababu ya kukusamehe. Usimuulize "umeipenda?", atasema ndio, sisi ni watu wa adabu. Muulize ni wapi alisita, na ni wapi alisema "hapa anaongopa". Rekebisha hapo hapo bila kujitetea.

Chini ya hadithi weka sentensi mbili kavu tu: mzee akibadilika ghafla apelekwe hospitali, na anaeanza kusahau achunguzwe mapema maana sababu nyengine hutibika.

Mlezi huyo wa pili akikujibu "mashaallah nzuri" peke yake, rudi hatua ya 6, kuna kitu hakijamgusa. Akikutumia voisi ndefu, na ndani yake hazungumzii hadithi yako kabisa, anakusimulia ya mama yake na mlango na juzi magharibi ilikuwaje, isambaze siku hiyo hiyo.